Kipimo kisicho na sindano: Kulitambua mapema shinikizo la juu la damu

Matini ya mazungumzo na wakazi wa kata kuhusu huduma za afya ya msingi



Karibu kila mtaa una kisa cha mtu aliyelala mzima na kuamka nusu ya mwili wake haimtii. Mara nyingi ni mwanamume wa makamo, fundi au mkulima, ambaye jana yake tu alikuwa juu ya paa akipigilia mabati. Alfajiri anaanguka akielekea msalani; mdomo umekwenda upande, mkono unaning'inia, maneno hayatoki. Majirani hukusanyika. Mmoja husema ameteleza. Mwingine husema amepitiwa na upepo mbaya. Wa tatu, kwa sauti ya chini, humtaja mtu aliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Saa zenye thamani kubwa kuliko zote hupita katika mashauriano hayo. Anapofikishwa hospitalini hatimaye, mkanda wa kipimo hufungwa mkononi mwake na namba inayoonekana humfanya muuguzi aite daktari. Kisha huulizwa swali: mgonjwa alikuwa akitumia dawa za presha? Ndugu hujibu kwa uhakika kwamba hakuwa na presha.

Jibu lililo sahihi lingekuwa kwamba hakuwahi kupimwa. Mazungumzo haya yanahusu umbali uliopo kati ya majibu hayo mawili.

Si jambo dogo, wala si la mijini peke yake. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliwafuatilia wakazi wa maeneo mawili ya Tanzania, vijiji vya Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na sehemu ya jiji la Dar es Salaam, wakimhesabu kila aliyepatwa na kiharusi. Hesabu iliposawazishwa kwa kuzingatia umri, ilionekana kwamba kwa mwaka mmoja takriban watu 109 katika kila 100,000 walipatwa na kiharusi huko Hai, na takriban 316 katika kila 100,000 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa juu ya kile cha nchi nyingi tajiri. Nacho kisababishi kikuu cha kiharusi, hapa na duniani kote, ni shinikizo la juu la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja katika kila wanne akiwa na shinikizo lililopanda. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na hali hiyo, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanayo.

Asilimia hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kukaziwa macho. Ugonjwa wenye tiba ya bei nafuu, unaogunduliwa bila sindano, bila tone la damu na kwa dakika chache tu, unajificha ndani ya miili ya karibu nusu ya wanaouugua.

Lugha yenyewe imechangia kidogo katika kujificha huko. Katika mazungumzo ya kila siku neno presha limekuwa na maana ya hasira, wasiwasi au kero. Mama humwambia mtoto mtundu asimpandishe presha. Mshabiki wa mpira husema timu yake inampa presha. Matokeo yake, watu wengi huamini kwamba ugonjwa wa presha ni ugonjwa wa kukasirika, na kwamba mtu mpole, mwenye kucheka na watu, hawezi kuupata. Ni kweli kwamba hasira na hofu hulipandisha shinikizo kwa muda, kama vile kupanda mlima kunavyolipandisha. Lakini likishapanda hivyo hushuka lenyewe. Ugonjwa ni pale shinikizo linapokaa juu siku zote, hata mtu akiwa ameketi kivulini na hana deni la mtu yeyote.

Moyo ni pampu. Kila unapojikunyata husukuma damu katika mishipa mikubwa iitwayo ateri, na damu hiyo hugandamiza kuta za mishipa. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira anafahamu jambo hili: bomba likifunguliwa sana, au ncha ya mpira ikibanwa kwa kidole, mpira hukakamaa mkononi. Mishipa nayo, ikisinyaa au ikipoteza ulaini wake kwa umri, kwa chumvi, kwa tumbaku, kwa kisukari au kwa kurithi tu, husababisha msukumo ndani yake kuongezeka. Namba ya juu katika kipimo ni msukumo wa wakati moyo unapojikunyata. Namba ya chini ni ule unaobaki wakati moyo unapolegea na kujaa tena. Ndiyo maana namba ni mbili, na zote mbili zina maana.

Kwa miaka mingi mishipa huvumilia bila kulalamika. Kichwa hakiumi, macho yanaona, kazi inafanyika. Wako wanaosema kwamba wao huitambua presha yao kwa kisogo kuuma au kwa masikio kuvuma. Imani hiyo imewagharimu wengi, kwa sababu siku kisogo kisipouma huacha dawa, na siku kikiuma kwa uchovu wa kawaida humeza vidonge viwili badala ya kimoja. Watu wengi wenye shinikizo la juu hawana dalili yoyote. Wakati huo huo kuta za moyo zinanenepa kwa kazi nzito, vichujio vya figo vinachakaa, vimishipa vya nyuma ya jicho vinaharibika, na mshipa mmoja mwembamba ndani ya ubongo unangojea siku yake. Mwili hautoi taarifa. Taarifa hutoka kwenye kipimo.

Kipimo hicho kina historia inayofaa kukumbukwa, maana haikuwa rahisi tangu mwanzo kumpima mtu bila kumchoma. Mwaka 1733 kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha maelezo ya jaribio alilomfanyia farasi jike. Alimfunga chini, akaingiza mrija wa shaba katika mshipa wake, akaunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimama wima. Damu ilipanda ndani ya kioo hadi kimo cha zaidi ya futi nane, yaani kama mita mbili na nusu. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba damu ina nguvu ya kusukuma inayoweza kupimwa. Lakini hakuna mtu ambaye angekubali kupimwa namna ile.

Ilipita zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1896 daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci, katika mji wa Turin, alielezea kifaa ambacho mtu yeyote aliyekwenda zahanati angekitambua leo: mkanda wa mpira unaozungushwa kwenye mkono wa juu, pampu ya kujaza hewa, na mrija wa zebaki wa kusomea. Kifaa chake cha kwanza alikiunda kwa vitu vilivyopatikana karibu naye, kikiwamo mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Alijaza hewa mpaka mapigo ya kifundo cha mkono yakapotea chini ya kidole, akaachia polepole, akasoma kimo cha zebaki pale mapigo yaliporudi. Njia yake ilitoa namba ya juu tu. Namba ya chini ilipatikana mwaka 1905, pale daktari wa upasuaji wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, alipofikiria kuweka kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa chini ya mkanda. Aligundua kwamba hewa inapopunguzwa, husikika mlio damu inapoanza kupenya, na mlio huo hupotea mshipa unapofunguka kabisa. Mlio wa kwanza ndio namba ya juu, kutoweka kwake ndiko namba ya chini. Taarifa yake ilikuwa fupi kama barua. Wahudumu wa afya wa leo bado hufanya vile vile, isipokuwa kwamba zebaki, kwa sababu ya sumu yake, inaondolewa katika vifaa vya hospitali chini ya mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013, na mahali pake zinakuja saa za mshale na mashine za betri. Kipimo hata hivyo kimebaki na jina la zebaki: namba 120 ni milimita 120 za zebaki.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwamba kupima peke yake hakutoshi, na kisa hicho ni cha mtu mkubwa. Machi 1944 daktari wa moyo alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani na kukuta 186 kwa 108. Miezi ya baadaye namba ziliendelea kupanda. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 63, alishika kichwa akilalamika maumivu makali, akapoteza fahamu, na shinikizo lake lilipopimwa lilikuwa limepita 300 kwa 190. Alifariki siku hiyo kwa kuvuja damu ndani ya ubongo. Alikuwa na madaktari na vifaa, na namba zake ziliandikwa. Kilichokosekana ni dawa, kwa kuwa vidonge vya kwanza vya kupunguza shinikizo vilivyofaa kutumiwa na watu wengi, vile vya kupunguza maji na chumvi mwilini, vilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Fundi wa mtaani aliyeanguka alfajiri yuko katika hali iliyo kinyume kabisa. Dawa ambazo rais yule hakuzipata zipo, na nyingi ni za bei ndogo. Kilichokosekana kwake ni namba kuandikwa.

Sasa namna ya kupima. Hapa panahitaji subira, kwa sababu kipimo hiki ni rahisi kukifanya na ni rahisi zaidi kukikosea. Kosa la namba kumi linaweza kumpa mtu mzima dawa asizozihitaji, au kumrudisha nyumbani mgonjwa akiwa na moyo mweupe.

Mtu anayekwenda kupimwa asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Awe amekwenda haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa hupandisha namba. Aketi kimya kwa dakika tano. Hili la dakika tano ndilo linalovunjwa kuliko yote: mkazi ametembea kilomita nne juani, amegombea foleni, ameitwa jina, na kabla jasho halijakauka mkanda umekwisha kufungwa. Namba inayopatikana hapo ni namba ya safari, si ya mtu. Mkazi ana haki ya kusema kwa adabu kwamba ndiyo kwanza amefika, na kuomba apumzike kidogo. Muuguzi mwenye uzoefu hatachukia; mara nyingi atafurahi, kwa kuwa naye anajua, ila foleni inamshinda.

Mgongo uegemee kiti. Miguu ikanyage chini, isipishanwe. Mkono ulazwe juu ya meza, usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia huongeza namba, na ulioinuliwa juu huipunguza. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta wala juu ya mkono wa shati, na shati lililokunjwa mpaka likabana mkono halifai vile vile. Ukubwa wa mkanda nao ni jambo la kuangaliwa. Mpira ulio ndani yake unapaswa kuuzunguka mkono kwa kiasi cha asilimia 80. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba husoma chini. Mama mnene aliyeambiwa ana presha kwa mkanda wa kawaida anaweza kuomba mkanda mpana kabla ya kuanza kuhuzunika.

Na wakati wa kupima, kimya. Si mpimwaji wala mpimaji anayepaswa kuongea. Salamu za nyumbani, habari za mvua na bei ya mahindi zingoje dakika moja. Katika jamii ambamo kukaa kimya mbele ya mtu huonekana kama utovu wa adabu, hili ni gumu kidogo, lakini maongezi hupandisha shinikizo.

Hupimwa mara mbili, kwa kuachana dakika moja au mbili, na mara ya kwanza mikono yote miwili ipimwe. Mkono wenye namba kubwa zaidi ndio utakaotumika siku zote.

Namba ikiwa chini ya 120 kwa 80, ni njema. Kati ya hapo na 140 kwa 90, mtu bado hajaitwa mgonjwa lakini anapaswa kuangalia chumvi, uzito na miguu yake inatembea kiasi gani, na kurudi kupimwa mapema kuliko wengine. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, hata kama ni moja tu kati ya namba hizo mbili iliyovuka, hurudiwa siku nyingine. Ikibaki hapo, ndilo shinikizo la juu la damu. Siku mbili huhitajika kwa sababu wako ambao shinikizo lao hupanda mara tu wanapoliona koti jeupe na kushuka wanapofika nyumbani. Wako pia walio kinyume chake, watulivu mbele ya daktari na wenye namba kubwa wanapokuwa kazini, na hao ni wagumu zaidi kuwapata. Lakini namba ikifika 180 kwa 110, mtu huyo aonwe na daktari siku ile ile. Na ikiwa pamoja na namba hiyo kuna kifua kuuma, pumzi kukata, kuona ukungu, mkono au mguu kufa ganzi au ulimi kuwa mzito, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, na hakuna nafasi ya kuuliza ni nani aliyegombana naye.

Nani apimwe? Mtu mzima yeyote aliyefikisha miaka 18, na aliyefikisha 40 angalau mara moja kila mwaka. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye mzazi aliyepatwa na kiharusi wasingoje umri huo. Dhana kwamba presha ni ya wanene na wenye magari imekwisha kukanushwa na vitanda vya hospitali. Wembamba wamelala humo pia, na wakulima.

Wanawake kwa kawaida hupata nafasi ya kupimwa kwa sababu ya kliniki ya wajawazito, na hapo mkanda una kazi nyingine kubwa. Shinikizo linalopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, likifuatana na protini katika mkojo, ni dalili ya awali ya kifafa cha mimba, kinachoweza kumuua mama na mtoto. Kijiti kidogo kinachochovywa katika mkojo na kubadilika rangi hutoa jibu la protini, nacho pia hakimchomi mtu. Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, anayeona vimulimuli au aliyevimba ghafla uso na mikono asingoje tarehe iliyoandikwa katika kadi. Na aliyepata tatizo hilo asidhani limekwisha kwa kujifungua; uwezekano wake wa kupata shinikizo la juu miaka ya mbele ni mkubwa kuliko wa wenzake, kwa hiyo aendelee kupimwa.

Wanaume hawana kliniki kama hiyo. Mwanamume anaweza kutoka shule ya msingi mpaka kuwa babu bila mkanda kumgusa mkono, na akienda zahanati ni kwa sababu amekatwa na panga au ana homa. Kwa hiyo wahudumu wa afya wanastahili kuombwa jambo moja: mwanamume anayekuja kwa jeraha au malaria, akishatulia, apimwe na presha pia. Mara nyingi wake zao ndio wanaowaleta. Hilo halina aibu.

Kuhusu simu na saa za mkononi linahitajika neno la tahadhari. Zinatangazwa programu zinazodai kwamba kidole kikiwekwa juu ya kamera ya simu, shinikizo la damu husomeka. Zinauzwa na saa zenye madai kama hayo. Wataalamu wa shinikizo la damu hawashauri vifaa visivyo na mkanda vitumike kutambua ugonjwa huu au kurekebisha dawa. Anayetaka kujipima nyumbani, na ni jambo jema kwa aliyekwisha kuambiwa ana tatizo, anunue mashine ya mkanda wa mkono wa juu badala ya ile ya kifundo, aende nayo zahanati ilinganishwe na ya pale, kisha apime asubuhi na jioni kwa siku kadhaa na kuandika kila namba, hata zile zisizompendeza. Familia mbili tatu zinaweza kuchangia mashine moja. Mashine haiambukizi presha, kama baadhi ya watu wanavyohofia kuazimana.

Ugonjwa ukithibitika, mhudumu huongeza vipimo vichache: mkojo kuangalia protini na sukari, na katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, macho na mchoro wa umeme wa moyo, vyote bila kuchoma. Damu huchukuliwa pale tu inapobidi kuangalia figo na kisukari. Hata hivyo mtu asikatae kipimo cha kwanza kwa kuogopa cha pili.

Hofu kubwa zaidi inayosikika si ya vipimo. Ni ya vidonge vya maisha. Mtu husema bora asijue, kwa sababu akijua ataanzishiwa dawa, na akianza hataacha. Hofu hii haifai kuchekwa. Nauli ya kila mwezi ni fedha, na kuitwa mgonjwa mbele ya wanao si kitu chepesi. Lakini hesabu yake ifanywe yote. Kwa baadhi ya watu ambao namba zao zimevuka kidogo, kupunguza chumvi mpaka isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa pamoja na iliyomo katika dagaa wa chumvi na chipsi, kuacha tumbaku, kupunguza pombe na kupunguza uzito kunaweza kutosha kwa muda au kuchelewesha dawa. Anayechelewa mpaka 200 hana tena njia hiyo. Na anayeanza dawa, kisha akaziacha kwa sababu namba imeshuka, ajue kwamba imeshuka kwa sababu ya dawa. Kitunguu saumu na majani mengine ya dawa yasiwe badala ya vidonge, na mhudumu aelezwe kila kinachonywewa. Aelezwe pia kuhusu vidonge vya maumivu vya dukani: diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo mafundi na wabeba mizigo humeza kwa ajili ya mgongo, huweza kupandisha shinikizo na kuumiza figo, na wengi hawavitaji kwa sababu hawavihesabu kuwa dawa.

Jambo la mwisho ni daftari. Namba moja haina maana kubwa. Namba kumi zilizoandikwa kwa tarehe zina maana. Daftari la zahanati likijaa hutupwa au hupewa mtoto achoree, na historia ya miaka mitatu ya moyo wa mtu hupotea nalo. Linalofaa ni kuandika namba za presha katika ukurasa wa mwisho, kila mara ukurasa ule ule, ili zisomeke kwa mfululizo hata mhudumu akibadilishwa kituo, na daftari jipya likianza, namba hizo zihamishiwe humo.

Anayekusudia kwenda kupimwa afike mapema kabla jua halijakali, avae nguo ambayo mkono wake unapanda bila kubana, aje na daftari la zamani kama bado lipo, pamoja na vidonge vyovyote anavyotumia vikiwa katika pakiti zake. Akifika, kabla ya yote, atafute kiti na aketi.